Kifua cha Kwetu

Ubaruku,
2 Juni 2024

Amna mdogo wangu,

Asalaam aleikum. Usicheke kuona nakuandikia kwa kalamu kama enzi zile nilipoolewa. Simu yangu haisikiki mpaka niweke sauti kubwa, na nikiweka sauti kubwa mashine nzima ya mpunga inasikiliza. Juzi uliponisimulia habari za tumbo lako, wapakiaji wote walikupa pole. Kwa hiyo mambo ya nyumbani tuyaandike, watu wa basi watayafikisha.

Huku wazima. Baba Zehra anakusalimu. Akirudi kutoka mashineni ni vumbi la pumba kichwa mpaka miguu, ukimkumbatia na wewe unageuka gunia. Msimu umekolea, malori yamepanga foleni mpaka barabarani. Na mchele wa mwaka huu, Amna! Ukifunua sufuria jirani anakuja kuuliza umepika nini. Nimekutumia ndoo mbili. Onja kwanza mwenyewe ndipo ugawe, nakujua.

Anayeuleta ni mwanao Zehra, atakaa kwako likizo hii. Huyo mtoto mwangalie vizuri, kwa sababu hivi karibuni utakuwa unamwona kwenye televisheni. Mwalimu Zabron wa michezo aliniita shuleni, nikaenda moyo uko mkononi nikidhani kuna kesi. Kumbe ananiuliza, "Mama Zehra, huyu mtoto ulimlisha nini?" Anakimbia mita elfu moja mia tano na kuwaacha wenzake mpaka mimi mwenyewe nawaonea huruma, ingawa si sana. Mwezi wa nane kuna mashindano ya shule za wilaya pale Rujewa, na watu wa shule moja ya michezo watakuja kuchagua watoto. Akichaguliwa anasoma bure mpaka kidato cha nne. Sijamwambia mtu. Nimemwambia tu mama wa vitenge, na mwenye duka, na wale wanawake wa kupepeta.

Jambo dogo moja. Ana kifua. Si ugonjwa, ni kifua tu, unavijua vifua vya kwetu. Iringa mwezi huu ni jokofu, kwa hiyo avae masweta mawili. Akikohoa usiku mfukizie. Kwenye begi nimeweka udi ule mzuri na ubani, chetezo unacho. Nyumba ya mama yetu haikukaa bila harufu hata siku moja, na ya kwako isikae.

Huyo wa Mgololo kama anapita kwako, usinitajie.

Dada yako,
Zuena


Iringa,
17 Juni 2024

Dada Zuena,

Waaleikum salaam. Mchele umefika, na majirani nao wamefika. Tumbo langu limepoa, waambie wapakiaji nashukuru.

Zehra amekua! Ananisaidia pale kibandani sokoni Miyomboni, anapanga khanga kwa rangi, na wateja wanamwuliza yeye bei kabla ya kuniuliza mimi. Wiki ya kwanza alipanda jiwe la Gangilonga na wenzake akarudi anaimba. Nikasema moyoni, kifua gani hiki anachokisema dada?

Sasa nisikilize, na usikasirike kabla ya mwisho wa ukurasa.

Alhamisi jioni nilichoma ule udi wako. Sikuwa nimemaliza kuzunguka vyumba, mtoto akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kisichotoa kitu. Baadaye nikasikia sauti, nikadhani nimesahau birika jikoni. Ilikuwa inatoka kifuani mwake, dada. Kila akitoa pumzi, filimbi. Amekaa ameinama mbele, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka. Nikatoa chetezo nje, nikafungua madirisha yote, baridi ikaingia hata paka akahama. Ikachukua muda ndipo akafunguka.

Nikamwuliza, "Nyumbani hali hii haikupati?" Akaniambia, "Ma'mdogo, usimwambie mama." Basi ndiyo nakwambia. Anasema akimaliza mbio huwa anakwenda nyuma ya vyoo vya shule, anakaa huko mpaka kifua kiachie, na wenzake wanadhani anaringa. Anasema siku za mashine kukoboa sana, usiku anaamka kwa kukohoa kabla ya adhana ya alfajiri. Halafu zinakuja siku kadhaa yuko mzima kabisa, na hapo ndipo kila mtu anasahau.

Jirani yangu Lea alikuwepo siku ile, alikuja kuomba chumvi. Mtoto wake alianza hivi hivi, kinakuja kinaondoka, na walipompima wakakuta ni pumu. Sisemi Zehra anayo, mimi ni muuza khanga. Nasema apimwe. Niruhusu nimpeleke hospitali hapa kabla likizo haijaisha.

Mdogo wako,
Amna


Ubaruku,
24 Juni 2024

Amna,

Salaam. Sisi wazima. Baba Zehra mzima. Mashine nzima. Wote wazima, na mtoto wangu vilevile mzima.

Nimesoma barua yako nimesimama, sikuweza kukaa. Nilikupa mtoto na udi wa kufukizia, wewe umemfungulia madirisha mwezi wa sita! Halafu unamwita jirani aje kumtazama kama mbuzi wa mnadani. Huyo Lea chumvi haiuzwi madukani Iringa?

Neno hilo sitaki kulisikia tena likitajwa na jina la mwanangu. Kwetu hakuna mwenye ugonjwa huo. Tuna vifua, ndiyo. Baba alikuwa na kifua. Yule wa Mgololo ana kifua, ndicho kilichomfanya ashindwe kubeba magunia dukani kwa baba na kukimbilia kushona nguo. Ni vifua tu vya kwetu, watu wanavizeekea. Pumu ni kitu kingine. Mwenye pumu unamwonaje, anakimbia? Nitajie mmoja tu aliyemwacha mtoto wa mwenyekiti wa kijiji nusu uwanja.

Na fikiria, mwenye akili zako. Hao wa shule ya michezo wakija, wakasikia mtaani mama yake mdogo anamwita mtoto mgonjwa, wanachukua nani? Wanachukua mtoto wa mwenyekiti, ambaye anakimbia kama amebeba ndoo ya maji kichwani.

Usimpeleke popote. Mrudishe shule zikifunguliwa.

Zuena

Yale masweta, anayavaa?


Iringa,
4 Julai 2024

Dada,

Salaam zangu amezibeba Zehra mwenyewe. Ameshika mkoba wako wa khanga, ile ya maua ya zambarau ni yako, nyingine ya wifi yako.

Sikumpeleka, kwa kuwa mtoto ni wako na hukuniruhusu. Ila nilikwenda mwenyewe kumwuliza muuguzi, bila kutaja jina la mtu. Naandika aliyoniambia, ukitaka chana.

Akishindwa kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi. Ngozi ikiwa inazama katikati ya mbavu anapovuta. Midomo ikibadilika rangi. Hapo usisubiri Baba Zehra atoke kazini, usimlaze chali, usifukize kitu. Ni hospitali, hata kwa pikipiki.

Masweta aliyavaa. Hayakusaidia filimbi.

Udi wako nimeurudisha, uko chini ya begi.

Amna


Ubaruku,
30 Julai 2024

Amna mdogo wangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Kimya changu kisikukwaze, msimu haujaniacha hata nikune kichwa. Ile ya zambarau nimeivaa harusini kwa akina Sedekia, wanawake waliacha kumtazama bibi harusi. Niliwaambia mdogo wangu ana duka kubwa Iringa. Usije ukanikosoa.

Nami si mama mbaya. Ili ulale usingizi, nimempeleka mtoto zahanati. Nilivaa vizuri, tukakaa mbele. Mganga kijana, mpole. Akaniuliza, "Mama, kwenye ukoo kuna mwenye pumu?"

Nikamjibu kwa sauti, wote kwenye benchi wasikie, "Hakuna."

"Akikimbia anabanwa?"

"Anashinda."

"Usiku je?"

"Kikohozi cha kitoto."

Zehra akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga. Mganga akasikiliza kifua chake, siku hiyo hakukuwa na filimbi wala zeze. Akatupa dawa ya kikohozi, akasema kikirudi kifua nimrudishe siku hiyo hiyo. Umeona? Kesi imekwisha.

Mazoezi yanaendelea. Juzi tu hakwenda, alisema ana kazi za shule, na Jumanne iliyopita pia. Siku hizi analala ameegemea mito mitatu, karibu amekaa. Nilimwuliza kulikoni, akasema anapenda hivyo. Watoto wa sekondari wana mambo yao. Mimi nafukiza asubuhi na jioni, sikosi, chumba chake kinanukia kama cha bibi harusi.

Mashindano ni Jumamosi tarehe kumi na saba mwezi ujao. Nimeshashona gauni la kuvaa uwanjani.

Mbona huandiki? Nilikutumia salamu kwa watu wa basi, wanasema uliitikia tu kwa mkono.

Dada yako,
Zuena


Iringa,
14 Agosti 2024

Dada Zuena,

Waaleikum salaam. Sikuandika kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa nagombana na wewe kwenye karatasi. Barua yako nimeisoma mpaka pale kwenye mito mitatu, nikafunga kibanda, nikapanda gari la Mgololo.

Ndiyo. Nimekwenda kwa huyo usiyetaka nimtaje.

Kaka Alawi mzima. Anashona sare za shule, ana vyerehani viwili sasa, nywele zimeota mvi masikioni. Hakuniuliza nimefuata nini. Aliniwekea chai, na mimi nikamwuliza moja kwa moja, "Kaka, kile kifua chako kinaitwaje?"

Akacheka. "Kinaitwa pumu, Amna. Kinaitwaje kingine?"

Nikamwambia mbona hukutuambia. Akasema, "Niliwaambia. Nilirudi kutoka hospitali nikamwambia baba, daktari kasema nina pumu. Baba akasema, 'Sisi kwetu tuna vifua,' akaendelea kupima unga. Basi nikawa na kifua."

Kile kidude cha bluu alichokuwa anakificha kiganjani, tukawa tunamtania kwamba ana manukato ya mdomoni, unakumbuka? Wewe ndiye uliyemnyang'anya ili unuse. Ile ni dawa ya pumu, dada. Anayo mpaka leo. Ana nyingine pia anayovuta kila siku hata akiwa mzima, ili kifua kisibane. Ananiambia ana miaka hajalazwa. Anacheza mpira na wazee wenzake, anasema yeye ni golikipa, lakini anacheza.

Na kuna hili. Siku ya harusi yako, alipokataa kuingia chumbani kukupa mkono. Umemnunia tangu siku ile, umesema kaka yako wa kuzaliwa alikudharau mbele ya wakwe. Nimemwuliza. Akasema, "Mlikuwa mmefukiza. Nilifika mlangoni, nikamwona amekaa, amependeza. Ningeingia ningeangukia kitandani kwake. Nikaona bora anichukie."

Sasa fikiria yule mganga alivyokuuliza, na wewe ulivyomjibu. Hukusema uongo. Alikuuliza kwa neno lake, ukamjibu kwa neno la kwetu. Rudi kwake kabla ya Jumamosi, mwambie kwetu kifua ndiyo pumu. Na udi huo uzime, nakuomba kwa jina la mama.

Amna


Ilomba, Mbeya,
22 Agosti 2024

Amna,

Salaam. Mwandiko usiutazame, naandikia gotini.

Barua yako niliipokea Jumamosi asubuhi uwanjani, kijana wa basi alinifuata mpaka kwenye nyasi. Nikaiona imevimba, nikajua ni maneno. Nikaikalia. Nikasema nitaisoma mtoto akishashinda.

Alianza vizuri. Nilisimama na gauni langu nikapiga vigelegele, nikawaambia wale wa shule ya michezo, "Huyo wa mbele ni wa kwangu!" Mzunguko wa tatu akapunguza. Mtoto wa mwenyekiti akampita. Nikapiga kelele, "Zehra, unafanya nini wewe? Kimbia!" Nilimpigia kelele, Amna. Akajaribu. Halafu akatoka njiani, akakaa chini vile ulivyoandika, mikono magotini.

Nilipomfikia nikamwuliza una nini. Akasema, "Ma." Akavuta. "Ma." Akavuta. Jina langu tu lilimshinda kumaliza. Nikavuta jezi juu, nikaona mbavu, na ngozi inaingia katikati yake kama kitambaa kwenye tundu. Mwanamke mmoja akasema mlazeni, mwingine akasema mmwagieni maji, mwingine akasema tafuteni ubani. Na huyo wa ubani alikuwa anasema vile ningesema mimi. Nikapiga ukelele, "Hospitali!" Mwalimu Zabron akaja na pikipiki, tukamweka katikati yetu, amekaa wima.

Daktari wa zamu pale Rujewa alikuwa mama wa makamo. Wakamvalisha barakoa yenye dawa inayotoka kama mvuke. Akaniuliza lile lile. "Kwenye ukoo kuna mwenye pumu?"

Mdomo wangu ukataka kusema hakuna, umezoea. Nikasema, "Tuna kifua."

"Kifua gani, mama?"

"Cha kubana. Kinapiga filimbi. Baba alikuwa nacho. Kaka yangu anacho, anavuta kidude cha bluu."

Akanitazama. Hakunicheka. Akasema, "Mama, hicho ndicho ninachokuuliza."

Barua yako niliifungua kwenye korido mtoto alipoanza kupumua vizuri. Imekunjika kwa kukaliwa. Ya harusi nimeisoma mara nyingi, na sitaandika chochote juu yake leo.

Tupo Ilomba kwa shangazi yake Baba Zehra, wametutuma hospitali Mbeya apimwe vizuri. Kuna kimrija wanampa apulize kwa nguvu, wanaandika namba, wanampa dawa, anapuliza tena. Ya pili ilipanda sana. Wanasema ndiyo yenyewe. Wanasema haiambukizi, haikuletwa na mtu, na si mwisho wa mbio. Hilo la mwisho niliwaomba walirudie.

Wale wa shule ya michezo waliondoka bila kuniaga. Zehra hajaniuliza habari zao, na mimi sijamwambia. Anatazama dirishani tu.

Nipe namba ya Mgololo.

Zuena


Ubaruku,
6 Oktoba 2024

Amna mdogo wangu,

Asalaam aleikum. Huku joto limeanza, mashine imepunguza kelele, wazima wote. Na nikisema wazima safari hii nimehesabu vizuri.

Zehra tumemhamishia chumba cha nyuma, mbali na upande wa pumba. Baba yake haruhusiwi kuingia ndani kabla ya kujikung'uta na kuoga uani, analalamika kwamba ameoa hospitali. Mtoto anavuta ile dawa ya kila siku asubuhi na jioni kwa kupitia chupa ya maji tuliyotoboa kitako, walitufundisha kliniki. Kuna watoto wengi pale, wengine wanavuta ovyo, dawa yote inaishia mdomoni. Wangu anatoa pumzi kwanza, anavuta taratibu, anabana. Muuguzi akawaita wenzake waje waone. Nikasema, "Huyo ni wa kwangu."

Ya bluu anaiweka kwenye soksi. Alianza kwa kutembea haraka, sasa anakimbia mizunguko miwili. Mwalimu Zabron alikuja nyumbani, akawapigia wale watu wa shule ya michezo kwa simu yangu akawaeleza kila kitu, na neno lenyewe akalitaja. Hawakusema ndiyo. Wamesema watakuja tena mwakani, wamwone. Nilitaka kuwajibu, Zehra akaninyang'anya simu akasema, "Karibuni." Na kwa spika ile, mashine nzima ikapiga makofi.

Chetezo cha mama nimekiosha, nimekiweka kabatini. Nyumba sasa inanuka wali. Siku za kwanza nilikuwa nazunguka vyumba jioni mikono mitupu, sijui niishike wapi.

Na kaka Alawi amekuja.

Nilimpigia mwenyewe. Nilikuwa nimepanga maneno marefu, yakakataa kutoka, nikamwambia tu kuna mtoto hapa anataka kufundishwa kukimbia na kidude cha bluu. Alifika Ijumaa na begi dogo na sare aliyomshonea Zehra. Akasimama mlangoni, Amna. Vile vile kama siku ile, mkono mmoja mfukoni. Ananusa hewa, na mimi nimekaa ndani namtazama.

Zehra ndiye aliyesema. "Ingia, mjomba. Hakuna moshi."

Akaingia. Akanipa mkono ule niliomdai tangu harusi, na mimi sikumwachia mpaka chai ikapoa.

Alisema atakaa siku mbili. Leo amepakua sahani ya tatu, anasema bado hajaelewa ladha ya huu mchele. Njoo umchukue, au njoo ule naye.

Dada yako,
Zuena